Mashine Iliyojua Kusoma Mpaka N

Mtaani walimwita Lifti, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa akipanda na kushuka bila kufika popote. Alikuwa fundi wa lifti, na tangu astaafu alikuwa akisimulia habari za lifti alizozitengeneza, kila moja ndefu kuliko jengo lililokuwa nayo. Kulikuwa na lifti iliyogoma kumpandisha mwenye nyumba hadi apunguze kodi. Kulikuwa na nyingine iliyokuwa na kasi kiasi kwamba watu walifika juu kabla hawajamaliza kuagana na waliobaki chini. Mke wake, ambaye alifundisha watoto wa darasa la kwanza mpaka mgongo ukamsaliti, na ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, mume akiwemo, alikuwa akimsikiliza huku anafuma vitambaa vyake, na hadithi ikizidi kimo anasema neno moja tu bila kuinua macho: punguza. Lifti alikuwa anapunguza. Ghorofa ishirini zinakuwa nane, na mambo yanaendelea.

Kisha Mwalimu alipatwa na kiharusi, na hapakuwa tena na wa kupunguza.

Upande wa kulia ulilegea, na ulimi ukawa mzito kama kiatu kilicholowa. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema, dada mpole aliyekuja nyumbani na mkoba wa picha, aliwaeleza kwamba maneno yote yamo kichwani kwa Mwalimu, salama salimini, isipokuwa mlango wa kutokea ndio umeziba. Herufi anazijua. Kusoma anasoma. Ila mkono wa kulia haushiki kalamu, na wa kushoto unatetemeka. Walimwekea karatasi yenye herufi, kidole kikawa kinatua katikati ya mbili na kugusa tatu. Walimpa simu, na ujumbe wake wa kwanza ulionekana kama umeandikwa na mtu aliyekanyaga siafu. Dada wa mazoezi akasema kinachofaa ni ubao wenye vishimo, kila herufi ndani ya kishimo chake, ili kidole kikiingia kitulie humo, kitetemeke kinavyotaka bila kuhamia kwa jirani.

Lifti alimwambia aende akapumzike, ubao huo ni kazi ya asubuhi moja.

Hakuwa anapiga chumvi, au si sana. Alikuwa na mashine ya kuchonga aliyoiunda mwenyewe, kwa kusoma huku na kule na kuharibu vitu vya watu. Mota zake zilitoka kwenye mashine chakavu za kuchapishia, reli zake zilikuwa za droo za kabati la jikoni, jambo ambalo Mwalimu aligundua siku droo ilipomwangukia miguuni. Unaichorea umbo kwenye kompyuta, kompyuta inaiambia kila mota isogee hatua ngapi, na kisu kinachozunguka kinachonga mbao kama kilivyoagizwa. Kwa miaka mashine hiyo ilikaa katika chumba alicholala binti yao alipokuwa msichana, ikachonga vibao vya namba za milango ya mtaa mzima bila kukosea. Sasa Lifti aliihamishia sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula, ili afanye kazi huku jicho liko kwa mkewe. Kiti cha Mwalimu kikawa kando ya meza, karibu na kisanduku cha bati kilichobeba mitambo ya umeme ya kuziendesha mota.

Ubao wa kwanza ulianza vizuri kama harusi. A ikatoka safi, B ikafuata, na Lifti akawa anazitaja kwa sauti, naye Mwalimu anatingisha kichwa kama zamani mbele ya darasa. Walipofika R mashine ikatoa mlio, kitu kama mtu anayejikwaa na kujifanya hakujikwaa. S ikachongwa juu ya nusu ya R. T ikapanda mgongoni mwa S. Zilizobaki zikarundikana pembeni kama abiria wanaogombea mlango mmoja.

Alichokuwa nacho mbele yake ni mota iliyopoteza hatua. Kompyuta inaamuru hatua mia, mota inapiga tisini, na kompyuta haijui. Haina macho. Yenyewe inaamini imefika, na kila inachofanya baada ya hapo inakifanya mahali pasipo pake.

Angekuwa na muda asingejali. Lakini binti yao alikuwa anakuja Jumamosi.

Binti huyu, ambaye husimamia duka la mikate katika mji mwingine, alikuwa mtoto wao wa pekee, na alikuwa amekwisha kata shauri. Alikuja mara ya mwisho akalala kwenye kochi, akaamka na vumbi la mbao puani, na kabla ya kuondoka akamketisha baba yake jikoni. Hakugomba. Alisema hamwelewani humu ndani, baba, na si kosa lako. Siku mama akibanwa na kifua atakuambiaje? Kwake kuna msaidizi, kuna hospitali jirani. Lifti akajibu kwamba mwenye kuamua ni mama. Basi wakaenda kumuuliza. Binti akauliza kama anataka kuhamia kwake, Mwalimu akatikisa kichwa kukataa. Akauliza kama anataka kubaki hivi hivi, akatikisa kichwa kukataa vilevile. Wakarudia, majibu yakawa yaleyale, na Mwalimu akaanza kulia kwa hasira. Binti akamtazama baba yake kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko ukali. Wakakubaliana: Jumamosi atakuja na gari la kubebea kitanda. Kama ubao umekamilika, mama ataamua kwa maneno yake. Kama haujakamilika, atamchukua.

Kwa hiyo Lifti hakuwa anachonga herufi tu. Na kilichomkosesha usingizi ni kwamba hakujua herufi zile zikikamilika zitasema nini. Huenda alikuwa anahangaika usiku na mchana kumchongea mkewe neno la kwaheri.

Alianza kutafuta ugonjwa wa mashine. Akaukaza mkanda wa mota. Akachora mstari wa kalamu kwenye puli, kile kigurudumu kinachouvuta mkanda, na kwenye mhimili wake, ili skrubu ikilegea na puli ikiteleza mstari ukatike. Haukukatika. Akasafisha reli, akapunguza mwendo, akaweka katoni iliyokunjwa chini ya mguu wa meza kwa kuwa aliamini sakafu ya sebule ndiyo mchawi. Mbona kule chumbani mashine ilikuwa na adabu zake? Akiijaribu asubuhi bila mbao, inakwenda na kurudi pale pale. Akiipa mbao, inasoma vizuri mpaka R na kuvurugikiwa.

Seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akimpa vipande vya mbao, alikuja kutazama. Aliwahi kufundishwa na Mwalimu, na hadi leo akiingia pale anavua kofia. Alimwamkia, akaizunguka mashine, akasema labda ni mafundo ya mbao.

"Mzee Lifti," akaongeza, "hii mashine yako inanikumbusha mimi. Na mimi nilikuwa najua mpaka R."

Mwalimu alitoa sauti. Ilikuwa kicheko, kimepotoka njiani lakini kicheko. Lifti alikisikia akajikaza asionyeshe kilivyomwingia.

Sasa, katika nyumba ile hakuna kitu cha umeme kilichowahi kukaa uchi. Mwalimu alikuwa amefumia kila kitu kitambaa: redio, televisheni, jokofu, hata mita ya umeme ambayo msoma mita aliogopa kuifunua. Tangu augue, Lifti alikuwa akivifua na kuvirudisha kila kimoja mahali pake, kwa uaminifu ambao hakuwahi kuwa nao akiwa anaambiwa. Mashine ilipohamia sebuleni, kisanduku chake kikawa mgeni asiye na nguo. Akatafuta kabatini, akapata kitambaa cheupe chenye maua, akakifunika juu. Kilikuwa na matundu, akajiambia hewa itapita. Ilikuwa njia yake ya kumwambia mkewe kwamba nyumba bado ni yake.

Na Mwalimu alikuwa akikivuta. Mashine ikiwaka tu, mkono wa kushoto unajinyoosha, unatambaa, unashika ncha ya kitambaa na kukivuta kikaning'inia. Lifti anakuja mbio. Kimekaa upande? Kichwa kinakataa. Unasikia baridi? Kichwa kinakataa kwa nguvu. Basi anamletea khanga ya kufunika magoti, anakinyoosha kitambaa vizuri zaidi kuliko mwanzo, anampapasa bega na kurudi kwenye skrubu zake. Mwalimu anafumba macho, kama alivyokuwa akifumba zamani mtoto akisoma neno kinyume kwa mara ya kumi.

Kufikia Ijumaa mbao za Seremala zilikuwa zimekwisha, zote zimeharibika. Lifti akang'oa mlango wa kabati la vyombo. Ulikuwa wa mbao nzuri, kavu, bila fundo hata moja, na hapakuwa na mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo fundi wa lifti hulifanya kitu kinapoonyesha udhaifu: akakiongezea nguvu. Ubavuni mwa kile kisanduku kulikuwa na kinobu cha kuipa mota umeme zaidi. Akakizungusha, mota ikanguruma kama imekula ikashiba, na Lifti akamwambia mkewe kwamba sasa watachonga hadi herufi ambazo bado hazijavumbuliwa.

Mota ilijikwaa baada ya N.

Haikufika hata R. O ilikaa juu ya N kama kofia, na zilizofuata zikawa shimo moja refu lisilo na maana. Lifti alizima mashine. Alikaa, mikono magotini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa na hadithi. Watu waliomfahamu wangeshtuka zaidi kuona hivyo kuliko kumwona analia.

"Nimeshindwa, Mwalimu," alisema mwishowe. "Kesho mwanao anakuja, na mimi nimeshindwa."

Akafungua ule mlango wa kabati kwenye vibano, na kwa kuwa meza ilijaa bisibisi, akaulaza mapajani mwa mkewe ili apate nafasi ya kufagia. Alikuwa ameinama na ufagio aliposikia ukucha ukigonga mbao. Aliinua kichwa.

Kidole cha Mwalimu kilikuwa ndani ya F. Kilitetemeka, kikagonga kuta za kishimo, hakikutoka. Alingoja mumewe aone. Kisha akakivuta, kikapita hewani kikiyumba kama kipepeo mlevi, kikazama kwenye E. Halafu N. Halafu I.

Lifti alisoma kwa midomo bila sauti. Feni. Akadhani anataka kupepewa, akageuka kwenda chumbani kuileta, na ubao ukagongwa kwa nguvu nyuma yake. Alirudi. Kidole kilianza upya, na kwa kila herufi Mwalimu alimtazama mumewe kwanza, kama mwalimu anayehakikisha mtoto wa nyuma anafuata. I. M. E. F. A.

Feni imefa. Ubao ulioishia N haukuwa na U ya kuandikia imekufa.

Kisha Mwalimu akanyoosha mkono ule ule, akaushika ukingo wa kitambaa cheupe, akakivuta. Safari hii hakuna aliyekirudisha.

Juu ya kile kisanduku kulikuwa na feni ndogo, pana kama kiganja, iliyowekwa kupooza mitambo ya ndani. Haikuwa inazunguka. Uzi mmoja wa kitambaa ulikuwa umefumuka, ukavutwa na feni, ukajizungusha kwenye kitovu chake mpaka mapanga yakafungwa kama kuku wa sokoni. Lifti alishika bati na kuachia haraka, kwa kuwa lingeweza kukaanga yai. Yote yakamwingia kwa pamoja. Mashine ikianza ni baridi, inasoma vizuri. Joto likipanda, kile kitu kinachoendesha mota kinajizima kidogo kujiokoa, kinaamka, kinaendelea, na hatua zilizopita katikati zimekwenda na maji. Kule chumbani haikuwa na kitambaa. Na yeye, kwa akili zake nyingi, akaiongezea umeme, maana yake akaichochea moto.

Na Mwalimu alikuwa amekaa pale, mkono wa kushoto karibu na bati, akiusikia upepo wa feni siku ya kwanza, kisha akisikia umekatika, kisha akisikia bati linapata moto. Alijua tangu mwanzo. Alikuwa amejaribu kumwambia kila siku, naye kila siku akamjibu kwa khanga.

Lifti alipiga magoti mbele ya kiti. Alitaka kusema samahani, lakini kilichomtoka ni kicheko, na Mwalimu naye akacheka kile kicheko chake kilichopinda, hadi machozi yakawatoka wote wawili na hakuna aliyeulizwa ni ya nini.

Alikata uzi kwa mkasi mdogo wa kufumia. Feni ikakohoa, ikazunguka. Akarudisha kinobu kilipokuwa, akaugeuza mlango wa kabati upande wa pili uliokuwa haujaguswa, akaufunga kwenye vibano. Wakaanza tena, yeye akizitaja, mkewe akitingisha kichwa. Ilipofika N Lifti alishika pumzi. O ikatoka peke yake, duara kamili, haina deni na jirani yeyote. R ikapita. Z ilipomalizika alipiga msasa vishimo vyote kwa kidole chake mwenyewe, asiache kibanzi.

Jioni ile Mwalimu aliongea. Alidai chai. Alisema ile aliyopewa miezi yote hiyo ilikuwa na sukari ya kutosha kufungulia duka. Alisema yule dada wa mazoezi ni mzuri ila anaongea naye kama anaongea na paka. Kila neno lilichukua muda, na Lifti alingoja kila moja kama mtu anayengoja mlango wa lifti ufunguke. Jambo moja tu hakuuliza. Mara mbili lilimfika ulimini, na mara mbili alilimeza na kuuliza kama chai imepoa.

Binti alifika Jumamosi kabla jua halijakolea, na pikapu ya kukodi ikabaki nje na dereva wake. Aliuona ubao mapajani mwa mama yake, akaupapasa, akamtazama baba yake. Kisha akavuta kigoda.

"Mama, unakwenda na mimi au unabaki?"

Lifti alisimama kando ya dirisha na kutazama nje, pikapu, dereva, chochote. Alisikia ukucha ukigonga. Alihesabu kila ulipogonga bila kutaka, na hakuthubutu kugeuka mpaka aliposikia binti yake akisoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi: nabaki.

Aliachia pumzi iliyokitia kioo ukungu. Lakini kidole hakikutulia. Kilikuwa kinaendelea, na binti alikuwa anaendelea kusoma. Wewe njoo.

"Nije?" binti aliuliza. "Nije mara ngapi, mama? Na nilale wapi? Chumba changu baba amekifanya karakana, na mashine ikitoka hapa mezani itarudi kulekule. Nikija nalala kwenye kochi, naamka mgongo umevunjika."

Mwalimu alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyengoja mwanafunzi afike hapo mwenyewe. Kisha akaandika, polepole: mashine iende.

Hapo ndipo binti alipoelewa kile kichwa kilichokataa mara mbili. Walimpa majibu mawili, na lake lilikuwa la tatu. Alifunika mdomo kwa mkono, akainamisha paji la uso kwenye goti la mama yake.

Lifti, ambaye sekunde chache nyuma angetoa figo kusikia neno nabaki, sasa alikuwa amepata nguvu za kutosha kubishana. Alitaka kujua iende wapi. Akajibiwa: kwa seremala. Akasema ingeweza kukaa uani, chini ya turubai. Akajibiwa: hapana. Akasema kule kwa Seremala kuna vumbi. Binti aliinua kichwa akamuuliza kama humu sebuleni kuna nini, na Lifti akamwomba asiingilie mambo ya watu wazima.

"Mwalimu," alisema, akijaribu njia ya huruma, "hiyo mashine ndiyo iliyokupa mdomo."

Kidole kilienda kwenye A, kikaenda kwenye S, na uso wa Lifti ukaanza kung'aa kabla neno halijafika mwisho. Asante. Aliweka mkono kifuani kupokea. Kidole kiliruka hewani, kikazama tena: iende.

Binti alicheka mpaka dereva wa pikapu akachungulia mlangoni. Alitoka kumwambia kwamba kitanda hakiendi, ila kuna mzigo mwingine wa kuvusha barabara tu, na amwite Seremala aje kusaidia kubeba. Ndani, Lifti alivuta kigoda hadi magoti yake yakagusana na ya mkewe. Alianza kueleza, tangu mwanzo, kwa nini mashine nyeti kama ile haiwezi kuachwa kwa watu wasiojua hali yake, na jinsi ilivyowahi kuchonga kibao cha namba kilichompeleka tarishi mlevi nyumbani kwake bila kuulizwa. Mwalimu alikuwa ameinua kidole juu ya kishimo cha P, kinatetemeka, na alimngoja avute pumzi.